Kwenye Shina la Jengo la Dubai

Watu wa Mtwara wakisikia kwamba nimefika Dubai, hawaniulizi habari za vipuri nilivyoleta, wala joto la kule, wala bei ya dhahabu. Wananiuliza jengo. Lile refu kuliko yote duniani, ambalo kila mwaka mpya televisheni inalionyesha likiwaka fataki kuanzia chini mpaka juu. Wanataka kujua kama mtu wa Msimbati amefika kwenye ile roshani ya vioo, wanakopanda watu kuitazama dunia.

"Ulipanda?"

"Sikupanda."

Basi wanacheka. Wanadhani niliogopa.

Mimi niogope urefu! Ngoja niseme mimi ni nani, maana vijana wa siku hizi wananiona nimekaa dukani na kanzu nyeupe wanadhani nilizaliwa nayo. Shule niliiacha darasa la nne. Baba alikufa, mama akabaki na shamba la muhogo na mikorosho michache iliyozeeka, nami nikaanza kukwea minazi ya watu pale Msimbati. Kutoka nazi nikapata baiskeli. Kwa baiskeli nikabeba korosho za wakulima kutoka vijiji vya ndani. Kutoka baiskeli nikapata lori bovu, nikalilaza chini ya mkorosho mpaka likafufuka. Walipoanza kujenga kiwanda cha gesi Madimba, kokoto zilizomwagwa pale zilibebwa na malori, na malori mengine yalikuwa yangu. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi, nina nyumba ya wageni mjini, na ukitoka Naliendele kuingia Mtwara, hesabu mabati mapya yanayong'aa: mengi yametoka kwangu. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu hakuna mwingine atakayenisemea.

Lakini sikufika peke yangu, na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Kazi ya nazi ni ya watu wawili. Asiyeijua anamwona yule aliye juu, anamshangilia, anasahau kuna mtu amesimama shinani. Mkwezi akishaingia kwenye makuti haoni tena chini. Anakata kole la nazi, lakini haliachii mpaka asikie sauti ya mwenzake: "Angusha!" Yule wa chini ndiye anayemwona mtoto anayekatiza, mbuzi, mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Akikosea yeye, muuaji ni wewe uliye juu. Tena ukishambuliwa na maji moto, wale sisimizi wekundu, mikono ikaanza kutetemeka, ni yeye atakayekusemesha kutoka chini, maneno ya kipuuzi tu, habari ya harusi ya nani na pilau la nani, mpaka akili ikurudie ushuke. Watu wana methali yao, aliye juu mngoje chini, wanaitamka kwa kukomoana. Kwetu sisi haikuwa methali ya kukomoa. Ilikuwa kibarua, kutwa nzima, shingo imepinda.

Na kazi ile ilikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Mwenzako akiwa juu, huachi shina. Mvua inyeshe, uitwe msibani, tumbo likukate, huachi shina. Nilipokuwa mdogo nilimwona mkwezi mmoja, mtu mzima, anashuka anakuta mwenzake amekwenda kunywa chai. Hakugomba, wala hakumtafuta. Alifungua kamba ya miguuni, akaiviringisha taratibu, akaiweka begani, akaenda nyumbani kwake. Hawakukwea pamoja tena. Hawakununiana, msikitini walipeana mikono, kwenye misiba walikaa jamvi moja. Lakini kijiji kizima kilijua: fulani aliachiwa shina. Hakukuwa na la kuongeza.

Mwenzangu wa kukwea, mimi na yeye tuliingia jando siku moja. Tulipotoka tukaanza kukwea pamoja. Mara nyingi mimi nilikuwa juu kwa sababu nilikuwa mwepesi, na nani asiyejua kwamba Msimbati nzima hapakuwa na kijana wa kunishinda? Yeye alikaa chini kwa sababu ya macho. Macho yake, wallahi, sijapata kuona. Alikuwa anamwona nyoka wa kijani ndani ya kuti la kijani, naye yuko chini, ananiambia, "Mkono wa kushoto usiushushe." Mimi niko hai kwa macho yale. Baadaye alimwoa mdogo wangu wa kike, tukawa mashemeji, na tangu hapo hakuna tusi la mzaha ambalo hatukutukanana. Nilipopata lori, naye alipata. Nilipofungua duka, naye alifungua la kwake, la pembejeo, ng'ambo ya barabara. Watu walisema tutagombana. Tuliwaambia kaeni mkisubiri.

Siku tulipoliona lile jengo kwa mara ya kwanza tulikuwa kwenye hoteli moja mjini, tunakula chapati na maharage. Televisheni ilikuwa ukutani. Wakaonyesha jinsi lilivyozinduliwa, watu wamejaa juu, wanapunga mikono. Hoteli nzima iligeuza shingo.

"Huo nao mnazi," mwenzangu akasema.

"Hauna hata makuti," nikasema.

"Tutaukwea."

"Mimi nitaukwea. Wewe utakaa chini unitazamie nyoka."

"Safari hii hakuna wa chini, shemeji. Tumekuwa watu wazima. Wawili juu, kwa pamoja, na hakuna kumtangulia mwenzake."

Tukapeana mikono juu ya sahani. Mzaha, ndiyo. Lakini kuna mzaha wa namna mbili, na mtu aliyeingia jando na wewe anajua ni upi. Tangu siku ile, kila tulipopata faida nzuri, kila korosho zilipokwenda vizuri, mmoja wetu alisema, "Bado jengo." Mwaka huu nyumba ya mama, bado jengo. Mwaka huu mabinti wanaolewa, bado jengo. Likawa neno letu. Mke wangu alilichoka.

Sasa sikilizeni habari ya macho.

Kabla ya safari hii ninayoisimulia, mwenzangu alianza kulalamika macho. Anasema yanawasha, anasema anaona ukungu. Akasema anakwenda Dar kutibiwa, huenda akapasuliwa, na simu ataizima kwa sababu daktari hataki mwanga wa simu. Nilimpeleka mwenyewe mpaka kituo cha basi. Nilimbebea begi. Alipoondoka sikuweza kukaa. Nilifikiria yale macho, nikafikiria nyoka wa kijani, nikasema huyu mtu aliniona mimi ujana wangu wote, leo nani amwone yeye?

Nilichinja mbuzi. Nilimwita sheikh kutoka Mikindani na wanafunzi wake, tukakaa uwanjani kwangu, ikasomwa Yasini, ikaombwa dua ndefu. Majirani walijaa mpaka njiani, maana mimi nikifanya jambo silifanyi nusu. Mdogo wangu, mke wake, ndiye aliyesimamia jikoni. Pilau lile bado linasimuliwa. Sheikh alipofika mahali pa kusema, "Ewe Mola, mrudishie nuru ya macho yake," mimi nililia. Nililia mbele za watu, mtu mzima, tajiri, kilio cha kamasi.

Aliporudi alivaa miwani myeusi. Aliivaa barazani kwangu, aliivaa dukani, aliivaa msikitini. Ngazi za msikiti wetu zimevunjika vunjika, na kila swala, wakati wa kutoka, mimi nilimshika mkono nikamteremsha. "Taratibu shemeji, hapa pana shimo." Naye anashuka kama kipofu, mguu unapapasa. Alinishukuru. Aliniambia, "Mungu atakulipa."

Basi. Mwaka uliofuata tukasema sasa wakati umefika. Mimi nilihitaji vipuri vya malori, yeye alitaka mashine za kunyunyizia dawa mikorosho. Twende Dubai pamoja, na jengo tulikwee, tumalize. Nilibeba korosho, mfuko mkubwa, za kukaanga, zile nyeupe za daraja la kwanza. Kwenda ugenini mikono mitupu si kwetu.

Dubai niliipenda. Watu wengi wanasema joto. Joto gani, mtu aliyekaanga korosho anaongea habari ya joto? Nilizunguka maduka ya vipuri, nikaongea Kiswahili na Wahindi waliokizoea kwa sababu ya watu wa Kariakoo, nikamwaga korosho kwenye kila meza. Walinipenda. Mmoja aliniambia yeye hajapata kuona mteja anayenunua na kulisha siku moja.

Lakini kila nilipotaja jengo, mwenzangu alikuwa na jambo. Leo mguu. Leo kuna mtu wa mashine anatungoja. Leo ni Ijumaa, watu wengi. Tulikuwa tunakunywa chai mchana kwenye mgahawa mdogo, jengo linaonekana pale kwa mbali limechoma mbingu, nikamwambia, "Au umeogopa? Sema tu, nitakufunga kitambaa usoni."

"Niogope nini?" akasema, anakoroga chai. "Wala hawakufikishi juu kabisa. Wanakufikisha pale katikati. Juu ya hapo ni vyuma vitupu."

Sikulitilia maanani lile neno. Niliona tu limenipunguzia hamu, kama mtu aliyetia maji kwenye mchuzi. Nikasema hata kama ni katikati, nitakwea hiyo katikati.

Kesho yake alikosa sababu. Tukaenda.

Ukitaka kulifikia lile jengo unapitia ndani ya soko lao kubwa, lenye baridi kama jokofu, lenye samaki wakubwa wanaoogelea nyuma ya kioo. Tulikata tiketi, tukaingia kwenye mstari. Mbele yetu kulikuwa na Mhindi na familia yake, watu wapole. Nikafungua mfuko wa korosho, nikamwekea mkononi. Alitafuna, akafumba macho. "Kaju!" akasema, korosho kwa lugha yao. Nikajipiga kifua. "Mtwara! Mimi! Mtwara!" Mke wake akacheka, watoto wakapewa, waliokuwa nyuma wakanyoosha mikono, mstari mzima ukawa kama harusi. Mimi nikifika mahali, panachangamka.

Mwenzangu alinivuta kanzu.

"Shemeji, hapa hatugawi korosho."

"Nani kasema?"

"Sijui. Lakini punguza sauti."

"Kwani pana maiti?"

Hakucheka. Alikuwa anatazama pembeni kama mtu asiyetaka ijulikane amekuja na nani. Hilo niliona. Nikasema moyoni, labda tumbo.

Mstari ukasogea. Tukafika mahali ambapo pametandazwa kitambaa cha kijani ukutani, na kijana mwenye kamera. Kabla yule kijana hajafungua mdomo, mwenzangu alitoka kwenye mstari, akasimama mbele ya kitambaa, akaweka miguu yake palepale palipochorwa alama, akanyanyua mkono mmoja juu, kiganja wazi, kama aliyebeba sinia. Akaniambia, "Njoo hapa. Weka mkono hivi. Wakiitengeneza inaonekana umelishika jengo. Halafu tunageukia kushoto."

Nilisimama.

Mtu anayekwea mnazi mgeni anapapasa. Hata mimi, na ujuzi wangu wote, mnazi nisioujua ninaupapasa kwanza, najua pana kovu wapi, pana utelezi wapi. Anayeweka mguu bila kutazama ni yule aliyekwisha kuukwea.

"Shemeji," nikasema. "Umelikwea lini hili?"

"Nini?"

"Jengo. Umelikwea lini?"

Alicheka. Kicheko chake nakijua tangu jandoni, na kile hakikuwa chenyewe. "Wewe nawe. Si nimeona kwenye simu."

"Apa."

Mwenzangu ana mengi lakini haapi uongo. Aliushusha ule mkono. Kijana wa kamera anatuonyesha ishara tusogee, Mhindi wangu anatutazama na shavu limejaa korosho. Tukatoka kwenye mstari, tukasimama ukutani.

"Wakati wa macho," akasema.

"Macho gani?"

"Yale macho. Wakati ule wa macho."

Nawaambia ukweli, sikuelewa mara moja. Niliona uwanja wangu, majamvi, sheikh ameinua mikono, mbuzi ananing'inia kwenye mti. Nikaona na yeye, saa ileile, amesimama juu ya dunia, macho yake mazima kabisa anawatazama Waarabu walivyokuwa wadogo kule chini. Ndipo nikaelewa.

"Hukupasuliwa?"

"Sikupasuliwa."

"Ulikuwa na nani?"

"Jamaa fulani wa Dar, wafanyabiashara wa ufuta. Walinialika. Ilikuwa biashara, shemeji, si matembezi. Hili tulipanda mara moja tu, siku ya mwisho."

"Ungeniambia unaenda Dubai. Mimi ningekukataza?"

"Ungetaka kuja."

"Sasa?"

Akavua kofia, akaitazama ndani kama mna jibu, akaivaa tena. "Wale watu ni wa kimya kimya. Wewe ungeanza habari za malori yako kuanzia uwanja wa ndege. Wewe ukiingia mahali, mahali panajaa."

"Uliniona haya."

"Sikusema haya."

"Ulisema nini?"

"Nilisema panajaa."

Watu walikuwa wanapita baina yetu na ule mstari, wengine wananitazama, maana kwa mara ya kwanza tangu tuingie mle ndani sauti yangu ilikuwa ndogo na yake ilikuwa kubwa.

"Na miwani?" nikamwuliza.

Akaonyesha kwa kidevu, upande wa maduka. "Pale. Nilinunua pale."

Chini ya jengo lenyewe. Ile miwani iliyonifanya nimshike mkono kwenye ngazi za msikiti.

"Mdogo wangu alijua?"

"Usimtie yeye," akasema. Hilo lilikuwa jibu.

Mfanyakazi mmoja alikuja akatuonyesha saa yake, zamu yetu ya kupanda imefika, tuingie au tuache. Nilikuwa na tiketi mkononi. Sitaki kuwadanganya: bado nilitaka kupanda. Mwili wangu ulitaka. Miaka yote ile ya bado jengo, bado jengo, na milango ya lifti ile pale inafunguka, watu wanaingia wanacheka. Ningeweza kwenda naye. Lakini niliona itakavyokuwa: yeye mbele, mwenyeji, ananionyesha hapa ndipo pazuri, pale ndipo bahari, na mimi nyuma yake nashangaa vile alivyokwisha kuvishangaa na wengine. Ningeweza pia kumwacha nikapanda peke yangu. Ndiyo, na nikifika kule juu nimwambie nani? Mnazi uliokwisha kuanguliwa hakuna mkwezi anayeupanda. Utapanda kufuata nini?

"Nenda," nikamwambia. "Tiketi isipotee."

"Na wewe?"

"Nitakaa chini. Nitakutazamia nyoka."

Uso wake ulifunguka. Alidhani yamekwisha. Alinishika bega. "Kweli, shemeji?"

"Umewahi kuniona nimeacha shina?"

"Sijawahi," akasema, na safari hii akacheka kicheko chake chenyewe, kile cha jandoni. "Nakuja sasa hivi. Usigawe korosho zote."

Niliposema vile nilimaanisha. Hilo nataka lijulikane. Nilikusudia kumngoja, ashuke, tugombane vizuri kwa Kimakonde ambacho hakuna askari wa pale angekielewa, kisha tule tulale. Niliona mgongo wake unaingia kwenye lifti, milango ikajifunga. Nikasimama. Kwa mazoea kabisa nikainua shingo, nikaona dari.

Nikampigia mdogo wangu.

"Kaka!" Alikuwa anatwanga, nilisikia kinu. "Mko juu? Geuza simu nione!"

"Niko chini. Mumeo ndiye aliye juu. Kwa mara ya pili."

Kinu kilinyamaza.

"Siku ile ya dua," nikasema, "unapakua pilau, ulijua yuko wapi?"

"Kaka, yule ni mume wangu."

"Na mimi?"

"Wewe ni kaka yangu. Sasa ulitaka nifanyeje? Nimvue nguo mbele ya sheikh, na masufuria yako motoni?"

"Uliitikia amina. Nilikusikia."

"Niliitikia. Kumwombea mtu macho si dhambi, kaka, hata kama ni mazima. Nani hana haja na macho?"

"Nililia."

"Nilikuona." Sauti yake ikawa ile ya utotoni, aliyokuwa akiitumia akivunja chungu. "Niliumia, wallahi. Nilitaka kukuambia. Lakini nikasema, akikasirika kaka ataipigia kelele Mtwara nzima."

"Nani mwingine alijua?"

"Yameshapita, kaka."

"Nani mwingine?"

"Sasa nani hakujua? Alituma picha kwa mtoto wake, mtoto akawaonyesha wenzake, ikazunguka. Watu walikuja kula tu. Asiyejua ulikuwa wewe." Akafikiri. "Wewe na sheikh."

Nikamwambia haya, salamu kwa watoto. Nikakata.

Watu waliojaa uwanjani kwangu mpaka njiani. Wote wale. Walikaa kwenye majamvi yangu, wakainua mikono pamoja na mimi, wakanitazama nikilia kamasi, kisha wakala mbuzi wangu wakanawa. Na mara ngapi nimemteremsha zile ngazi, "taratibu shemeji, hapa pana shimo," na watu wamesimama pembeni na viatu mkononi wanatupisha njia, nyuso zimetulia kabisa. Mimi nilidhani wanatuheshimu.

Sikukimbia. Mtu mwenye mwili wangu hakimbii. Nilimtafuta yule Mhindi nimpe korosho zilizobaki, nikakumbuka amekwisha kupanda, nikampa askari wa mlangoni mfuko mzima. Alikataa, nikauweka mezani kwake. Kisha nikatembea. Nilipita kwenye duka la miwani, sikuangalia. Nilipita samaki. Nilitoka nje kwenye joto, ambalo sasa nakiri lilikuwa joto, na nilipofika ng'ambo ya barabara niligeuka nikalitazama lile jengo kuanzia shina kwenda juu, polepole, kama tulivyokuwa tunapima mnazi kabla ya kuukwea. Sikuweza kuona mtu yeyote. Pale walipo watu palikuwa pamekwisha kuwa rangi moja na anga.

Ni mzuri. Wasinidanganye watu, ule mnazi ni mzuri.

Nikachukua teksi mpaka hotelini. Nikakoga, nikasali, nikalala chali, simu nimeiweka kifuani. Ilikuwa na chaji, ilikuwa na mtandao. Mke wangu alinipigia, mtu wa vipuri akanipigia. Nilisubiri ya mwenzangu. Mtu mwingine yeyote ambaye angeshuka asimkute mwenziwe katika mji wa watu angepiga: uko wapi, umepotea, umepatwa na nini? Yeye hakupiga. Alishuka, akatazama pale ukutani nilipokuwa nimesimama, akajua ameachiwa shina. Aliporudi chumbani alisema "Asalam aleikum" nami nikaitikia. Alikunja vitu vyake taratibu, akaviweka kwenye begi, akalifunga. Hakuuliza. Naye ni mkwezi.

Hatukugombana, na wanaongoja tugombane mpaka leo wanangoja. Duka lake liko ng'ambo ya barabara palepale. Mdogo wangu huniletea ming'oko, vile viazi vya porini, akipata, anaketi na mke wangu, tunacheka. Barazani watu wakiniuliza kama nilipanda jengo nawajibu sikupanda, nao wanacheka, na mwenzangu akiwapo anatazama barabarani.

Ijumaa tunasali safu moja. Tukimaliza tunapeana mikono, tunaulizana hali, tunatoka. Zile ngazi bado hazijatengenezwa. Anashuka mwenyewe.